Kutoka Bwana Shauri hadi Mkuu wa Wilaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ukoloni na utawala wetu wa leo

Ukitajwa urithi wa ukoloni, wengi hufikiria mipaka iliyogawanywa baada ya mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, au maboma ya Wajerumani ambayo bado yamesimama Kilwa, Iringa na Mwanza. Mwananchi wa Kilosa au Tunduru hukutana na urithi huo kwa sura nyingine: ofisi ya mtu mmoja aliyeteuliwa kutoka juu, anayeiwakilisha serikali nzima wilayani, na ambaye hakuna mpiga kura anayeweza kumwondoa. Maswali haya yanaihusu zaidi ofisi hiyo, Tanzania Bara kwanza, kisha kwa majirani zetu.

Cheo cha Mkuu wa Wilaya kilianza lini?

Mizizi yake ni ya Kijerumani. Mwaka 1891 serikali ya Ujerumani iliichukua nchi kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikiitawala, baada ya kampuni hiyo kushindwa kuzima vita vya Abushiri bin Salim na Bwana Heri huko pwani. Nchi ikagawanywa katika wilaya, kila wilaya na boma lake, na ndani ya boma Mjerumani mmoja aliyekuwa hakimu, mkusanya kodi na mkuu wa askari kwa wakati mmoja.

Chini yake waliwekwa maliwali, maakida na majumbe. Vyeo hivyo vilikuwapo pwani tangu enzi za Sultani wa Zanzibar, na Wajerumani wakavibeba hadi bara. Hapo ndipo mambo yaliharibika. Jumbe wa pwani alikuwa mtu wa hapo hapo, na watu walijua namna ya kumbana. Akida aliyepelekwa Umatumbi au Uluguru alikuwa mgeni, hana ndugu wala deni la heshima kwa yeyote, na riziki yake ilitoka bomani. Akasimamia kodi iliyoanza 1898, kisha mashamba ya pamba ya lazima, na aliyekaidi alipigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano.

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 Nandete, katika nchi ya Wamatumbi, kwa kung'oa mashina ya pamba. Kitendo hicho kinastahili kusomwa kama hoja ya utawala: watu walishambulia kwanza kile walichoamriwa kukilima bila kuulizwa. Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000, na wapo wanahistoria wanaofikisha 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuteketezwa kwa makusudi.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia hawakuzifuta wilaya. Walibadilisha bendera na jina la bwana mkubwa wa boma. Wazee wetu walimwita Bwana Shauri, au Bwana DC (kifupi cha cheo chake cha Kiingereza, District Commissioner), na juu yake akawekwa mkuu wa jimbo.

Lakini Waingereza si walitawala kupitia watemi na mamangi wetu?

Ndiyo, na sera hiyo ina jina na tarehe. Gavana Donald Cameron, aliyekuja 1925 akitokea Nigeria alikofanya kazi chini ya Frederick Lugard, alileta sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926. Mtemi, mangi au mtwa akapewa hazina yake, baraza lake la kesi na mshahara.

Mshahara huo ndio ulioigeuza kazi yenyewe. Kabla ya hapo, mtawala wa jadi aliyewachosha watu aliweza kukimbiwa au kupinduliwa na ukoo wake. Akishalipwa na serikali, na serikali ikiwa ndiyo yenye uwezo wa kumvua ukubwa, macho yake huelekea bomani. Mahali ambako hapakuwa na mtawala mmoja wa kabila zima, mamlaka zilitengenezwa ili ramani ya utawala ikamilike. Kenya hali ilikuwa wazi zaidi. Wakikuyu na Wakamba waliendesha mambo yao kwa mabaraza ya wazee, lakini sheria za 1902 na 1912 zikawaletea machifu walioteuliwa na serikali, wengi wao watu ambao jamii haikuwahi kuwachagua kwa lolote.

Haitakuwa haki kuwaweka wote kapu moja. Mtemi Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri katika serikali ya uhuru, na Chifu Adam Sapi Mkwawa aliliongoza Bunge akiwa Spika kwa miaka mingi. Watu hao waliheshimiwa, na kwa sababu nzuri. Mamlaka ya machifu yenyewe yalifutwa kwa sheria ya 1963.

Je, Uingereza kwenyewe kuna Mkuu wa Wilaya?

Hakuna. Serikali za mitaa za Uingereza huendeshwa na mabaraza yaliyochaguliwa, mahakimu wako mbali na utawala, na hakuna ofisa mmoja anayetumwa kutoka London kwenda kuiongoza wilaya nzima. DC alibuniwa kwa ajili ya makoloni, mahali ambako watu wachache walitakiwa kuwadhibiti watu wengi kwa gharama ndogo.

Ufaransa ni habari nyingine. Ina maprefeti wake tangu wakati wa Napoleon, mwaka 1800, na ilipofika Afrika Magharibi ilipanda mbegu ya shamba lake yenyewe. Sisi tulipewa chombo ambacho waliotupa wasingekubali kutawaliwa nacho kwao. Ndiyo maana hoja ya kwamba mfumo huu ni "wa kawaida duniani" hainiingii akilini.

TANU iliupinga ukoloni. Kwa nini iliiacha ofisi hii?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na jibu lake linauma kidogo.

Mwaka 1958 Julius Nyerere alishitakiwa kwa kashfa kutokana na makala katika gazeti la chama, Sauti ya TANU, iliyowashutumu wakuu wa wilaya wawili wa Kiingereza. Mahakama ilimtia hatiani ikamtoza faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Kwa hiyo aliyekuja kuwa Baba wa Taifa aliijua ofisi hii kwa uzito wake wote, na alijua gharama ya kuikosoa.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Januari iliyofuata Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama, na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Mwaka huo huo wa 1962 wakuu wa majimbo na wa wilaya wa Kiingereza waliondolewa. Badala yao wakaja wakuu wa mikoa na wa wilaya walioteuliwa kisiasa, ambao pia walikuwa makatibu wa TANU katika maeneo yao. Bwana Shauri, kwa ubaya wake wote, alikuwa mtumishi wa serikali asiyeruhusiwa kuendesha chama. Aliyemfuata alikuwa na serikali mkono mmoja na chama mkono mwingine. Kwa maoni yangu ofisi iliongezeka nguvu baada ya uhuru.

Sababu zao tunaweza kuzielewa. Nchi ilikuwa na wasomi wachache mno, jeshi liliasi Januari 1964, na viongozi waliogopa ukabila na kusambaratika. Mwenye haraka ya kuleta maendeleo huona ofisi inayotii amri kama baraka. Lakini chombo kilichoundwa kupeleka amri chini kina shida ya kupandisha malalamiko juu. Hili lilionekana Iringa, ambako Mkuu wa Mkoa Dkt. Wilbert Klerruu, akisukuma kwa nguvu sera ya mashamba ya ujamaa, aliuawa kwa risasi siku ya Krismasi ya 1971 na mkulima wa Isimani, Saidi Mwamwindi, ambaye baadaye alinyongwa. Wanaume wawili walipoteza maisha, na bado Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliendeshwa kwa njia zile zile: amri, malori, na nyumba kubomolewa pale watu walipokataa kuhama.

Mwaka 1963 ulikuwa na uamuzi mmoja mwema unaosahaulika. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo iliwaondoa maofisa tawala kwenye kiti cha hakimu, na mabaraza ya wenyeji yakaingizwa katika mfumo mmoja wa mahakama, ambako Mahakama ya Mwanzo ndiyo ngazi ya chini. Kipande kizima cha madaraka ya Bwana Shauri kilikatwa kwa kalamu, na nchi haikuanguka.

Ni kweli Mkuu wa Wilaya anaweza kuniweka ndani saa 48?

Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, vifungu vya 7 na 15, inawapa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe. Soma masharti yake, kwa sababu watu wengi, pamoja na baadhi ya wenye vyeo, huishia kwenye namba ya saa tu.

Lazima mtu awe ametenda kosa ambalo mtu anaweza kukamatwa na kushitakiwa kwalo, au pawe na sababu ya kuamini kwamba atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Sababu ziandikwe. Ndani ya saa hizo 48 afikishwe mbele ya hakimu, na asipofikishwa ana haki ya kuachiwa. Anayeutumia uwezo huu vibaya anaweza kushitakiwa kwa kosa la matumizi mabaya ya madaraka.

Ukiyasoma hayo utaona kwamba kumweka ndani mwalimu aliyechelewa kazini, mganga aliyejibu kwa ukali, mwandishi aliyeuliza swali au diwani aliyepinga hoja kikaoni hakumo. Matukio ya namna hiyo yametokea mara nyingi kiasi kwamba viongozi wakuu wa serikali wenyewe wamewakanya wateule wao hadharani. Maonyo ni mazuri. Ila kifungu bado kipo, na mteule anayefuata huanza upya.

Chimbuko la fikra hii ni lile lile. Sheria za kikoloni za 1921 ziliruhusu kumhamisha mtu kwa nguvu kutoka eneo moja hadi jingine, na kukiadhibu kijiji kizima kwa kosa la wachache. Sheria ya kuweka watu kizuizini ya 1962 tuliitunga wenyewe, miezi michache baada ya kujitawala. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa 1991, iliorodhesha sheria 40 zinazokandamiza haki, na orodha yake ilichanganya za mkoloni na zetu. Nyingine zimefutwa au kurekebishwa. Nyingine zimebadilishwa majina.

Halmashauri si ndiyo serikali ya wananchi wilayani?

Kwa maandishi, ndiyo. Ibara ya 146 ya Katiba ya 1977 inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sentensi hiyo ni nzuri na ningependa kila diwani aijue kwa moyo.

Historia yake imejaa mabonde. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa kwa jina la madaraka mikoani, mpango ulioandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Madaraka yalikwenda kweli mikoani, ila kwa watumishi wa serikali kuu. Barabara za ndani, zahanati na usafi wa miji vilidorora, na huduma za miji zilizorota hadi mabaraza ya miji yakarudishwa 1978. Halmashauri za wilaya zilirudi kwa sheria za 1982.

Leo Tanzania Bara ina mikoa 26, wilaya 139 na halmashauri 184. Madiwani wanachaguliwa. Mkurugenzi wa halmashauri, anayeshika kalamu na hundi, anateuliwa. Mkuu wa Wilaya, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama, naye anateuliwa. Diwani akitofautiana na wawili hao, ni yeye anayekabiliana na wapiga kura kuhusu zahanati isiyokwisha, wakati wao wanangojea simu ya uhamisho.

Na ardhi? Kwa nini inasemekana ni mali ya Rais?

Sheria ya Ardhi ya 1923 ilizitangaza ardhi zote za Tanganyika kuwa za umma, chini ya usimamizi wa Gavana, kwa manufaa ya wenyeji. Wameru walijifunza maana yake Novemba 1951, walipofukuzwa Ngarenanyuki ili nafasi wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Wenyeji hawakuwa na mahakama ya kuikimbilia, kwa hiyo wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, 1952. Alisikilizwa. Ardhi hawakurudishiwa na serikali ile, lakini kesi hiyo ilizunguka nchi nzima na kuwaamsha wengi walioingia TANU miaka miwili baadaye.

Baada ya uhuru, neno Gavana liliondoka likaingia Rais. Tume ya ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipendekeza ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji yenyewe. Serikali ilikataa sehemu hiyo. Sheria mbili za 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zikabakiza ardhi yote ya umma mikononi mwa Rais kama mdhamini, na zikaruhusu ardhi ya kijiji kuhamishwa kwa manufaa ya umma, uwekezaji ukiwemo. Zina mema yake pia: zimetambua haki za kimila na haki ya mwanamke kumiliki ardhi, mambo ambayo mkoloni hakuyashughulikia.

Kwa nini sheria zetu zilikaa kwa Kiingereza muda mrefu hivyo?

Kwa sababu mahakama na chuo cha sheria vilirithiwa vikiwa kamili, vitabu na majoho. Wajerumani waliandikiana na maakida kwa Kiswahili, Bunge letu linajadili kwa Kiswahili, lakini hukumu na sheria nyingi zilibaki katika lugha ambayo mshitakiwa haielewi. Marekebisho ya sheria ya 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kazi ya kutafsiri vitabu vya sheria ni kubwa, na ni kazi inayostahili fedha.

Kenya ilikwenda mbali zaidi?

Kwa katiba, ndiyo. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na majimbo, yakavunjwa ndani ya muda mfupi, na mfumo wa PC (mkuu wa mkoa), DC (mkuu wa wilaya), DO (ofisa tarafa) na chifu ukawekwa chini ya Ofisi ya Rais. Kwa miongo mitatu baraza la chifu lilikuwa ndiyo serikali kwa Mkenya wa kijijini. Sheria ya Machifu ilimruhusu kuwaamuru watu kazi na kuwazuia wasitembee, hadi ilipopunguzwa makali 1997 katika makubaliano ya wabunge wa vyama vyote.

Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47 zenye magavana wa kuchaguliwa. Jambo la kutazama ni hili: kaunti hizo 47 zinafuata wilaya zilizotambuliwa na sheria ya 1992, ambazo nyingi chimbuko lake ni mistari ya DC wa Kiingereza. Katiba hiyo pia ilitaka utawala wa mikoa urekebishwe ndani ya miaka mitano uendane na ugatuzi. Rais Mwai Kibaki alipoteua makamishna wa kaunti 2012, Mahakama Kuu ilibatilisha uteuzi. Mwaka 2013 sheria mpya ikawapa makamishna makao ya kisheria. Sasa Mkenya ana gavana aliyemchagua na kamishna asiyemchagua, na chifu bado anavaa kaki. Hata hivyo gavana ana bajeti, na anaweza kupoteza kiti. Hiyo ni hatua kubwa ambayo sisi hatujaipiga.

Uganda na Kongo je?

Uganda Katiba ya 1995, ibara ya 203, inaweka kamishna mkazi katika kila wilaya, mteule wa Rais, kando ya mwenyekiti wa wilaya aliyechaguliwa. Kongo ilirithi kwa Wabelgiji msimamizi wa teritwari (eneo la utawala mfano wa wilaya) pamoja na chefferie, yaani maeneo ya machifu, na majina hayo yanatumika hadi leo Kivu na Katanga.

Zanzibar ni sawa na Bara?

Si sawa. Zanzibar ilikuwa nchi ya hifadhi ya Uingereza kuanzia 1890, Sultani akiwa amekaa kitini. Mudiri na sheha, maofisa wa utawala wa visiwani, wana historia yao wenyewe. Hata hivyo sheha wa leo, mtu anayemjua kila mkazi wa shehia na ambaye barua yake inahitajika kwa mambo mengi, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Malalamiko ya wakati wa uandikishaji wa wapiga kura hutokana sana na hilo.

Miaka zaidi ya 60 imepita. Hatuwezi kuacha kumlaumu mkoloni?

Lawama peke yake haina faida. Mkoloni alijenga nyumba hii, na sisi tumeipaka rangi mara kadhaa: 1962, 1972, 1982, 1997. Kila mara tulikuwa na nafasi ya kuvunja ukuta. Ninaposisitiza historia ninataka kuonyesha kwamba ofisi hii haikushuka kutoka mbinguni wala haikutokana na mila zetu. Ilitungwa kwa sheria, na kwa sheria inaweza kupunguzwa, kama 1963 ilipopunguzwa.

Mwananchi wa kawaida aanzie wapi?

Kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji, unaojumuisha kila mkazi mwenye miaka 18, ndicho chombo ambacho hakuna mteule anayekiongoza. Sheria inataka ukae angalau mara moja kila miezi mitatu, na hapo halmashauri ya kijiji isome mapato na matumizi. Vijiji vingi hupitisha mwaka bila mkutano hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyeudai. Udai kwa maandishi kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, wakazi kadhaa watie saini, nakala ipelekwe kwa diwani na kwa mtendaji wa kata, nakala nyingine mbaki nayo ikiwa na mhuri wa kupokelewa.